Namna ya kuona vizuri ukiendesha baiskeli usiku barabara ikiwa imelowa (mwongozo kamili kwa sisi wa Arusha)

Mwezi wa nne mwaka juzi natoka mjini narudi zangu Moshono, saa mbili na kitu usiku, mvua ndo imetoka kukatika na lami yote inang'aa kama imepakwa mafuta. Nimeshapita Kijenge, mbele likatokea fuso limewasha fulu, likanijia, nikaona weupe mtupu, likapita, na kabla macho hayajakaa sawa tairi la mbele likazama kwenye shimo lililojaa maji mpaka mdomoni. Rimu ilipinda na kiganja cha kushoto nikashonwa nyuzi 4. Na taa nilikuwa nayo, tena mpya, ile ya kuchaji ambayo ukiimulika ukutani chumba kizima kinakuwa mchana. Ndo nikaanza kujiuliza, nina taa kali hivi na bado sioni, shida iko wapi?

Shida iko kwenye maji, na ukishaelewa maji yanafanya nini na mwanga, mengine yote nitakayoandika hapa yanakuja yenyewe, kwaio tuanzie hapo.

Maji yanaifanya nini taa yako

Lami kavu ina vijiwe na vinafasi vingi, mwanga ukiigonga unatawanyika kila upande na sehemu yake inarudi machoni kwako, ndo maana unaiona. Ikilowa, maji yanajaza vile vinafasi na juu panakuwa laini kama kioo, sasa taa yako ikigonga pale kwa kulalia inateleza inaenda zake mbele, hairudi. Jaribu nyumbani leo usiku: mwaga maji kidogo kwenye sakafu ya simenti, zima taa, chuchumaa umulike na tochi kwa mlalo. Pakavu patakuwa peupe na palipolowa patakuwa peusi. Alafu mwambie mtu asimame upande wa pili akumulikie wewe, pale pale palipokuwa peusi patawaka mpaka utafumba macho. Barabarani ni hivyo hivyo, taa yako inakukimbia na taa za wengine zinakujia mara mbili, za gari lenyewe na zile zinazoruka kutoka kwenye lami.

Hapa kwetu kuna la kuongezea. Udongo wetu ni wa volkano, mweusi, na magari yakitoka barabara za mitaani yanaingia nao kwenye lami, kwaio unapata tope jeusi juu ya lami nyeusi iliyolowa. Mistari myeupe ya pembeni nayo isikupe moyo sana, ile rangi huwa inachanganywa na vishanga vidogo vya kioo ambavyo ndo vinarudisha mwanga, maji yakivifunika mstari unapotea kabisa. Na jua letu linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwaio kama unatoka kazini saa kumi na mbili, kipindi cha masika kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano na vuli ile ya mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, hili litakukuta tu.

Anza na macho yenyewe

Kama usiku unaona kila taa imezungukwa na duara la ukungu au inachomoa miale kama nyota, na wenzako hawaoni hivyo, nenda kapime kwanza kabla hujanunua taa yoyote. Inaweza kuwa miwani yako imepitwa na wakati, inaweza kuwa mtoto wa jicho anaanza. Moshi pale hospitali ya KCMC wana idara ya macho inayojulikana nchi nzima, na Arusha sehemu za kupima zipo nyingi. Mtu anaweza akawa anasoma vizuri mchana na usiku akahitaji lenzi, kwasababu gizani mboni inafunguka kubwa na kasoro ndogo ya jicho inajitokeza.

Kwa tunaovaa miwani, mvua ni adui mkubwa. Kila tone lililokaa kwenye lenzi linavunja taa za magari vipande vipande. Dawa yake ya kwanza ni kapelo, ile kofia ya kawaida yenye mdomo, vaa chini ya helmeti yako. Mdomo wake unazuia mvua isifike kwenye miwani, na gari likija na fulu unainamisha kichwa kidogo tu mdomo unaziba ile taa huku barabara bado unaiona. Aisee hiki ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye huu mwongozo na ndo kilichonisaidia kuliko vyote. Kofia ya koti la mvua isikudanganye, yenyewe haigeuki na kichwa, ukitaka kuangalia nyuma unaangalia ndani ya koti. Ivute nyuma, kapelo na helmeti vinatosha.

Dawa ya pili ni ya ukungu. Unakuta umesimama pale mataa ya Sanawari, umetoka kukanyaga kilima, jasho na baridi vinakutana, miwani yote imekuwa maziwa. Kabla hujatoka nyumbani weka tone moja la sabuni ya maji ya vyombo kila lenzi, paka kwa kidole pande zote mbili, suuza kwa maji, kausha na kitambaa cha pamba. Inabaki tabaka jembamba ambalo maji yanatandaa badala ya kukaa matone matone, ukungu haushiki kirahisi. Na tope likirukia kwenye lenzi usilifute kavu, ule mchanga utachora kioo na mchoro ukishaingia hautoki, kila taa itakuwa na mkia. Mwagia maji ya chupa kwanza ndo ufute. Mi natembea na kitambaa cha pamba kimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, kipo mfuko wa kifuani, kikavu muda wote.

Ile miwani ya njano wanayouza wakisema ni ya usiku, achana nayo. Mwaka 2019 watafiti wa Schepens, taasisi ya utafiti wa macho huko Boston, Marekani, waliijaribu kwa watu kwenye kifaa cha kuigiza udereva, wakaona haiwasaidii kumuona mtembea kwa miguu mbele ya mwanga wa gari. Na ukifikiria inaeleweka, lenzi yenye rangi inapunguza mwanga, na wewe mwanga ndo unaoutafuta.

Jambo lingine ni simu. Jicho linahitaji kama dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza kikamilifu, na sekunde chache za kuangalia skrini yenye mwanga mkali zinakurudisha nyuma. Kwaio meseji zote jibu kabla, alafu dakika kumi za mwanzo ondoka taratibu. Kama kwenu kuna kipande chenye taa za barabarani na kingine hakina, mfano ile njia nne ya Sakina kwenda Tengeru ukiiacha ukaingia mtaani, pale penye mpaka wa mwanga na giza punguza mwendo kabla, maana macho yako bado yako kwenye mwanga wakati baiskeli imeshaingia gizani.

Taa: ilaze, ikate juu, ongeza ya chini

Baada ya ile ajali kuna mzee mmoja mlinzi, anaendesha Phoenix yake kila usiku miaka na miaka, tulikutana kwa fundi baiskeli jioni moja nikiwa nimewasha taa naijaribu. Nikamsalimia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," akaiangalia taa, akaniambia, "Mbona inamulika miti? Ilaze." Akaishika mwenyewe akaishusha kidogo, pale pale nikaona changarawe za uwanja wa fundi moja moja. Nikaja kuelewa kwanini baadae.

Ukiwa na taa ya usukani ipime hivi. Simamisha baiskeli mita 5 kutoka ukutani, pima urefu kutoka chini mpaka kwenye taa, tuseme sentimita 90. Sasa ilaze mpaka katikati ya ule mwanga mkali ipige ukutani kwenye nusu ya urefu huo, yani sentimita 45. Ikiwa hivyo, barabarani mwanga wako utagusa chini mita 10 mbele. Usiku wa mvua mi naishusha tena kidogo zaidi, kwasababu mwanga ukishuka kwa wima zaidi sehemu kubwa inarudi kwako na inayoteleza mbele inapungua, na mwendo wa mvua ni mdogo hivyo huhitaji kuona mbali sana. Ukishapata mahali pake kaza skrubu, na chora alama na maka pen kwenye usukani ili ikigeuka kwa matuta uirudishe.

Taa nyingi za bei nafuu ni tochi tu, zinatoa mwanga wa duara, nusu inaenda chini nusu inaenda juu. Ile ya juu ina hasara mbili, inamchoma anayekuja mbele yako na inamulika matone ya mvua yaliyo karibu na uso wako, unakuwa unaangalia pazia jeupe la mvua badala ya barabara. Kata kipande cha plastiki jeusi, hata la chupa ya oili iliyooshwa vizuri, lenye upana wa vidole vitatu, likunje nusu duara ulifunge na solotepu nyeusi juu ya taa litokeze mbele kama mdomo wa kapelo. Ukimulika ukutani uone mwanga umekatika juu. Kwasababu hiyo hiyo taa ya kichwani peke yake kwenye mvua haifai, iko karibu na macho, kila tone linakurudishia mwanga. Ibebe kama akiba, na ya kukusaidia ukipata pancha.

Kama unaweza kuwa na taa mbili, ya pili ifunge chini kwenye foku, karibu na gurudumu la mbele. Taa ya chini inalalia barabara, kila kokoto na ukingo wa shimo unatupa kivuli kirefu ukiona kutoka juu ulipo. Ile ya usukani inaonyesha njia, hii ya chini inaonyesha sura ya njia. Ila iwe ya mwanga wa wastani, sio kali, na isiangalie kulia kwenye magari.

Watu wanauliza mwanga mweupe au wa njano, wanasema wa njano unapenya mvua. Matone ya mvua ni makubwa mno, yanatawanya rangi zote sawasawa, kwaio chagua unaoupenda. Taa ya mbele iwe inawaka moja kwa moja, ile ya kuchezacheza inakukatia picha ya barabara na mwenzako anashindwa kujua uko umbali gani.

Maji kuingia kwenye taa: kwenye boksi angalia IPX4 maana yake inavumilia kurushiwa maji, IPX7 inavumilia kuzama mita 1 kwa nusu saa. Tundu la kuchaji liangalie chini, mpira wake paka vaselini kidogo. Na kwa wenye dainamo ya zamani inayosugua tairi, kwenye mvua kile kigurudumu kinateleza na taa inafifia wakati unaihitaji, mafundi wetu wanakivalisha kipande cha tyubu ya zamani kinashika tena, ila kumbuka ukisimama inazima, kwaio nyuma weka taa nyekundu ya betri.

Alafu kuna madigadi. Watu wanayatoa baiskeli ionekane ya kisasa, matokeo yake tairi la mbele linakurushia maji ya tope moja kwa moja usoni, utaona nini sasa? Yarudishe, na chini ya la mbele ongeza ulimi wa mpira wa tyubu au kipande cha dumu la lita 5 ushuke mpaka karibu na lami.

Kuyasoma maji

Shimo kavu lina kivuli. Shimo lililojaa maji halina, ndo maana linaua. Ila lina alama zake, na ukizijua unaanza kuyaona yakiwa mbali.

Angalia ule mkia mrefu wa mwanga ambao taa ya gari linalokuja inauchora kwenye lami iliyolowa. Kwenye lami ya kawaida mkia ule ni mpana, umechakaa chakaa, unametameta, maana chini kuna vijiwe. Ukifika kwenye dimbwi unabadilika ghafla, unakuwa picha safi ya ile taa, kali, yenye ukingo. Pale ulipobadilika ndo ukingo wa dimbwi. Yani ile taa inayokuumiza ndo inakuchorea ramani ya maji, mradi uangalie lami na usiiangalie taa yenyewe. Kama mvua bado inanyesha utaona pia viduara vya matone vinapanuka juu ya dimbwi, kwenye lami ya kawaida tone linaruka tu na kupotea.

Dimbwi usilolijua lipite pembeni, na kama huwezi kupita pembeni shuka. Njia yako ya kila siku ipite mchana, jumapili hata kwa mguu, uhesabu: mashimo mangapi kutoka kwenye tuta mpaka kwenye kalvati, chemba ipi haina mfuniko, mtaro gani hauna kingo. Mi kutoka mjini mpaka nyumbani ninayo kichwani yote, na kila baada ya mvua kubwa narudia maana mvua inachimba mapya.

Msome na aliye mbele yako. Taa nyekundu za daladala au bodaboda zikiruka au zikizama, pale kuna kitu. Muache akutangulie mita kadhaa akutafutie mashimo, ila usimkaribie, atakurushia maji.

Na kuna vinavyoteleza ambavyo usiku vinafanana na lami: michoro ya kivuko cha pundamilia, mifuniko ya chuma, na hapa Arusha maua ya jakaranda. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja barabara zenye mijakaranda zinakuwa zambarau mchana na watu wanapiga picha, usiku na mvua yale maua yanakuwa utelezi mtupu na huoni rangi yake kabisa. Usikate kona juu yake. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi nayo ni mbaya kuliko zinazofuata, inainua oili na vumbi lote la miezi.

Maji yakiwa yanakatiza barabara yakikimbia na huoni ukingo wa lami, usivuke, hata kama magari yanavuka. Aprili 2024 gari lililobeba wanafunzi lilisombwa hapa hapa Arusha, tena asubuhi. Gari! Baiskeli haina uzito wowote mbele ya maji.

Gari likija na fulu

Hapa ndo penye ajali, kwaio fanya kwa mpangilio. Ukiliona likiwa mbali, papo hapo angalia kipande cha barabara kilicho mbele yako, kikariri mpaka lile gari litakapokufikia: kuna dimbwi? kuna mtu anatembea? Acha kukanyaga, gusa breki, punguza mwendo kabla halijafika. Wengi tunapunguza baada ya kupofuka, tumeshachelewa. Shusha mdomo wa kapelo. Macho yapeleke kushoto chini, kwenye ukingo wa lami, yafuate ule ukingo. Mzee mlinzi yeye anafumba jicho moja gari linapokaribia na kulifumbua likishapita, lile jicho linakuwa bado na giza lake, nimejaribu na inafanya kazi, ila ukifumba moja unapoteza hisia ya umbali kwaio uwe umeshapunguza mwendo na unaenda moja kwa moja.

Gari likishapita usikanyage. Zile sekunde chache nyuma yake ndo giza zito kuliko yote, na ndo nilipoangukia mimi. Hesabu taratibu mpaka tano, ukingo ukirudi kuonekana ndo uendelee. Kama magari yanafuatana foleni nzima na yote fulu, simama kabisa pembeni yapite.

Mwendo na breki

Mwendo wa kilomita 20 kwa saa unasogea kama mita 5 na nusu kila sekunde. Mpaka uone shimo, uamue, mikono ifinye, sekunde moja na nusu imeondoka, hizo ni mita 8 na zaidi kabla breki haijaanza kushika, na breki za rimu zikiwa zimelowa mizunguko ya mwanzo zinafuta maji tu. Ukijumlisha unasimama kama mita 16 mbele. Ukiwa kilomita 30 inafika mita 30 hivi. Sasa rudi kwenye taa yako inayogusa chini mita 10 mbele, upige hesabu mwenyewe. Usiku wa mvua mi naenda mwendo ambao mtu akikimbia kwa mguu tunakaribiana, na kila baada ya muda nagusa breki kidogo bila kusimama ili raba zifute rimu zikae tayari.

Na wao wakuone

Dereva naye ana kioo kilicholowa na waipa iliyochoka, kwaio chukulia hajakuona mpaka uhakikishe. Taa nyekundu nyuma, kizibao cha rifleta, na kama ni kuchagua kitu kimoja basi funga vitambaa vya rifleta kwenye vifundo vya miguu: vinapanda na kushuka unavyokanyaga, na mtu akiona taa mbili zinacheza hivyo anajua papo hapo kuwa huyu ni binadamu yuko kwenye baiskeli. Futa taa ya nyuma kila ukisimama, tope linaiziba na wewe huna habari.

Ukifika

Kabla ya kula, dakika tano. Futa rimu na raba za breki, kausha cheni na itie oili. Suuza miwani, paka sabuni ya kesho, suuza na kausha kama nilivyosema mwanzo. Fungua ule mpira wa tundu la kuchaji uone kama kuna unyevu, kama upo iache wazi sehemu kavu mpaka ikauke ndo uchomeke chaja, usichomeke ikiwa imelowa. Kapelo anika, na kitambaa cha pamba weka kingine kikavu kwenye nailoni, ukirudishe mfuko wa kifuani usiku huo huo maana asubuhi utasahau.